Mto wetu wa Dandora unaishia baharini

Mwaka juzi projekti za shule kwa nyumba yetu hapa Dandora, Nairobi, nilikuwa nafanya mimi. Mtoto yuko gredi ya nne, inafika saa tatu usiku ndo anakumbuka kuna kitu cha kupeleka kesho, natoka kutafuta manila na gundi na rangi, na kuna siku nilikuwa nimechoka mbaya nikanunua volkano imeshatengenezwa pale steshonari sh350, akaipeleka hivyo hivyo akapata alama zote. Alama zote, na hajui kwa nini mlima unatapika moto! Hiyo kitu ilinikaa rohoni sana juu CBC, huu mtaala wa kujifunza kwa vitendo, ilipoanza kujaribiwa 2017 mi ndo nilikuwa naitetea kwa majirani, nilisoma 8-4-4, ule mtaala wa zamani wa kukariri, nikataka wangu ashike vitu kwa mikono yake.

Sasa Agosti tukaenda Gazi, huko Kwale pwani, dadangu ameolewa huko. Asubuhi ya pili naamka simwoni mtoto, naambiwa amefuata binamu yake dikoni, pale madau yanapotia nanga. Naenda nakuta watoto kama kumi na wawili na mwalimu wao, na shule zimefungwa jamani. Wamesimamisha ufito mchangani, wameupaka rangi kila sentimita 10, na kila nusu saa mmoja anasoma maji yamefika wapi mwingine anaandika. Nikamuuliza mwalimu mbona hadi likizo, akaniambia, "Mama, mwezi haufungi shule." Walianza muhula ukielekea kuisha na wanataka kuona bamvua mbili kamili, yale maji makubwa yanayofuata mwezi.

Nilikaa nao siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza maji yalijaa kabisa saa kumi na dakika kumi jioni. Mwalimu akauliza kesho yatajaa saa ngapi, wangu akanyosha mkono haraka akasema saa ile ile, wale wengine wakanyamaza tu, hakuna aliyemcheka, mwalimu akasema haya andika, kesho tutaona. Kesho yake saa kumi na dakika kumi ilifika na maji yalikuwa bado yanapanda! Mtoto alisimama pale na daftari yake anaangalia ufito, anaangalia simu yangu, anaangalia ufito. Saa kumi na moja hivi ndo yakasimama. Dakika hamsini zimeongezeka. Siku ya tatu zikaongezeka tena karibu hizo hizo, na hapo akaanza kuuliza kwa nini, yaani yeye mwenyewe, sijamsukuma.

Jibu halikutoka kitabuni. Mwezi ndo unavuta maji ya bahari, kwa hivyo mwalimu alisimamisha mtoto mmoja katikati akawa dunia, mwingine akawa mwezi anamzunguka polepole. Dunia akajizungusha mara moja, akirudi pale pale alipoanzia mwezi ashasogea, inabidi ageuke kidogo zaidi ndo amkute. Hiko "kidogo zaidi" ndo zile dakika hamsini. Alafu mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu karibu, watoto wote walimpa shikamoo kwanza (wangu alisema "sasa" na dadangu akamrekebisha palepale), akawaambia yeye hajawahi kuwa na saa, anahesabu mwezi tu, ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana mpaka unatembea mwambani kutafuta pweza, na katikati ni maji mafu, hayajai wala kupwa sana, dema, ule mtego wa samaki, unalitega kivingine. Watoto wakafungua daftari kuangalia kama namba zao zinakubaliana na mzee. Zilikubaliana. Sijui kama nimewahi kuona mtihani mzuri kuliko huo.

Mikokoni tulienda mara moja tu. Huko kuna mradi wa kijiji, Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanalinda hekta 117 na kuuza kaboni, yaani wanalipwa kwa ile hewa ya kaboni miti inayoshika, na hela zinarudi kwa maji na shule za hapo. Watoto wanapima unene wa miti kwa utepe, maana unene ndo unaonyesha mti umeshika kaboni kiasi gani, na mkoko wanaupimia juu ya ile mizizi yake ya kama miguu ya buibui, la sivyo hesabu inaharibika. Hayo alinieleza mtoto wa miaka kumi.

Watu husema aah, hao wana bahati wana bahari. Sikubali. Ufito, rangi, daftari, basi, gharama ndo hiyo. Kilichokuwa kigumu ni watu wazima, maana mwalimu hakuruhusu mtoto aguse maji kama hakuna wakubwa wawili hapo, na wazazi walikuwa wamegawana zamu. Hapo ndo sisi Nairobi tunakosea, tunatoa pesa ya manila lakini Jumamosi moja hatutoi.

Siku ya kurudi wangu akaniuliza, "Mama, ule mto wetu pia unakuja hapa?" Gazi hapana. Lakini baharini unafika, tulifuata kwa ramani ya simu njia yote ya treni. Ni Mto Nairobi, unatoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita mjini, Gikomba, kwetu Dandora, unaingia Athi, Athi inafika Tsavo inaitwa Galana, alafu Sabaki, inamwaga kaskazini mwa Malindi. Mto unabadilisha majina tu. Alinyamaza muda mrefu, alafu akasema basi karatasi zetu tunazotupa mtoni pia zinafika. Ndiyo, zinafika.

Saa hii tuko wazazi wanne na watoto saba, kila Jumamosi tunasimama darajani. Maji yetu hayagusiki, kwa hivyo tumefunga jiwe kwa kamba, fundo kila sentimita 10, tunateremsha tunahesabu. Ukutani kwa jirani bado kuna alama ya matope ya mafuriko ya 2024, walipima, inampita wangu kichwani, na yule mama akakaa chini akawasimulia usiku ule wote na mtoto mmoja akaandika kila kitu bila kuambiwa. Sasa wanabishana, mvua ikinyesha Kikuyu na huku ni kavu, maji yanapanda hapa baada ya saa ngapi? Sitawaambia. Mwalimu wake wa shule ana watoto sitini darasani lakini amekubali daftari hiyo iwe ndo projekti ya muhula.

Jana usiku binamu ametuma voisi kutoka Gazi, bamvua imefika mstari wa 34 na anauliza, "Na nyinyi huko, fundo la ngapi?" Wangu amelala na kamba imekunjwa juu ya begi. Anangoja Jumamosi.