Tocher, mahari ya Waskoti

Ukiishi huku Uskoti, siku utakapotaja mahari kazini utaulizwa tu: "Kwani kwenu wanawake wananunuliwa?" Siku hizi nami nauliza kama wanalijua neno tocher. Vijana wengi hawalijui. Bibi mmoja ninayemhudumia hapa Kirkwall, visiwani Orkney, alilitambua papo hapo, kwa kuwa mama yake alikuwa akilitumia.

Tocher ilikuwa mali ambayo upande wa bibi harusi ulimpa mume: fedha, mifugo, hata ardhi. Lakini neno limetoka Kigaeli, lugha ya jadi ya Uskoti, na katika Kiayalandi cha kale ndugu yake, tochra, ilikuwa mali aliyotoa mwanamume kwa ajili ya mke. Yaani mahari hasa, kama ng'ombe wa kwetu Musoma! Neno likaendelea kuishi, mtoaji akabadilika.

Hapa Orkney jambo hili lina uzito wake, maana visiwa vyenyewe viliwekwa rehani kwa ajili ya tocher. Mwaka 1468 Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norwei, alikubali kumwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti. Wakapatana florini 60,000, sarafu za dhahabu za wakati huo. Fedha hizo Christian hakuwa nazo, akaweka Orkney, iliyokuwa chini yake, rehani kwa 50,000. Zile 10,000 zilizobaki alitakiwa azitoe taslimu. Akapata 2,000 tu, na mwaka uliofuata visiwa jirani vya Shetland navyo vikaingia rehani kwa 8,000. Deni halikulipwa, na mwaka 1472 Uskoti ikavitwaa visiwa moja kwa moja. Hadi leo ni vyake.

Kwa raia wa kawaida kulikuwa na sheria ambayo kila nikiifikiria inaniuma. Mume au mke akifa kabla ndoa haijatimiza mwaka mmoja na siku moja, na hawajapata mtoto aliyezaliwa hai, tocher ilirudi kwao mwanamke. Na uhai wa mtoto ulithibitishwa kwa kilio: lazima awe amesikika akilia. Fikiria familia mbili zilizofiwa zikibishana kama kichanga kilitoa sauti au la, na ng'ombe na fedha vikisubiri jibu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1855.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa karne ya 18, mshairi wa Uskoti Robert Burns alikuwa ameshaliweka neno hili kinywani mwa msichana. Katika wimbo wake binti analalamika kwamba mchumba anausifu uzuri wake na ukoo wake, kumbe kinachomvuta ni tocher. Dada zetu wa Musoma nao hulalamika vivyo hivyo, ila wao humlalamikia baba anayeongeza idadi ya ng'ombe, si mchumba.