Grafu Niliyomtumia Mama

Grafu ile niliichapa nakala mbili, moja ya profesa na nyingine ya mama. Yeye hutengeneza batiki Morogoro, nikaona atafurahi kujua mwanawe naye anashinda na rangi. Nakala yake nikaipeleka stendi asubuhi, ikapanda basi kabla profesa hajaiona yake. Haraka ya nini, sijui.

Nilikuwa nasoma uzamili wa kemia, na rangi yangu ilikuwa methilini bluu. Ni rangi ya nguo iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1876. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann wakaijaribu kwa wagonjwa wa malaria. Mimi nilitakiwa kuonyesha inavyoishika DNA, molekuli inayobeba urithi. Unaiweka kwenye kuveti, kichupa cha kioo cha kupimia, unapitisha mwanga, na mashine inasoma umefyonzwa kiasi gani. Kilele cha rangi hii, yaani urefu wa wimbi la mwanga inaoufyonza zaidi, kiko karibu na nanomita 664. Halafu unadondoshea DNA ya ndama, maikrolita chache chache, ukisoma upya kila mara. Molekuli ya rangi ni bapa. Ikijipenyeza kati ya jozi mbili za besi, yaani vidato vya ngazi ya DNA, kama karata inayochomekwa katikati ya karata nyingine, ufyonzaji hushuka.

Wangu ulishuka vizuri mno.

Profesa aliitazama karatasi kimya, kisha akauliza, "Kilele kimehamia wapi?"

Hakikuwa kimehama. Rangi iliyojipenyeza kweli husogeza kilele upande wa wekundu, kwenye nanomita nyingi zaidi; changu kilikuwa palepale 664.

"Rudia. Safari hii usitie DNA. Tia bafa tupu."

Bafa ni kimiminika kile kile kinachoyeyushia DNA. Nilinuna, lakini nikarudia. Mstari ukashuka karibu sawasawa na ule wa kwanza! Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole, alimwaga kilichokuwamo kwenye kuveti, akaisuuza, akaiinua dirishani. Kuta zake zilikuwa na ukungu wa bluu.

"Hii inaganda popote, mwanangu. Hata kwenye kioo."

Kumbe wiki tatu nzima nilikuwa napima mambo mawili: rangi inayoganda kwenye kuta, na rangi niliyokuwa naizimua mwenyewe kwa kila tone nililoongeza. Tukaisafisha kuveti kwa spiriti, tukaiacha kwanza ishibe rangi, na kwenye mchanganyiko wa DNA nikatia rangi ya kiwango kilekile ili isizimuke. Safari hii mstari ulishuka kidogo tu, si kama nilivyozoea, ila kilele kilisogea, nanomita kadhaa kupita 664. Nilikipima mara nne.

Nikaongeza chumvi ya kawaida. Kilele kikaanza kurudi kilikotoka: rangi ilikuwa inaachia. Jioni nikampigia mama.

"Chumvi inabandua rangi? Wewe! Mimi natia chumvi ili rangi ikolee."

Wote wawili tulikuwa sahihi. Ndani ya maji, pamba na rangi anayoitumia vyote vina chaji hasi, vinasukumana. Sodiamu ya chumvi inaingia kati kuwapatanisha. Rangi yangu ina chaji chanya na DNA hasi, tayari zinavutana, hivyo sodiamu ile ile inakuja kugombea nafasi.

Nikamwomba aitupe ile grafu, nitamtumia nyingine iliyo sahihi.

"Nimeshaibandika dukani kwa gundi," akasema. "Haibanduki."