Alhamisi Ile Huko Virgin

Tuliondoka Salt Lake City saa tisa usiku, mimi na binti yangu wa miaka 13, tukashika barabara ya kusini. Ni mwendo wa zaidi ya saa nne mpaka Virgin, mji mdogo wa jimbo la Utah, Marekani, uliozungukwa na majabali mekundu. Ilikuwa Alhamisi, Oktoba 10, 2024. Mashindano ya Red Bull Rampage yalianza mwaka 2001, wanaume wakishuka magenge kwa baiskeli, na miaka yote hiyo hapakuwa na shindano la wanawake. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa yao ya kwanza.

Binti yangu yumo kwenye timu ya baiskeli za milimani, na majina ya wale madada anayataja kama wengine wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Mimi nilikuwa na langu moyoni.

Mwaka 1991, kule nyumbani Kibosho, Kilimanjaro, nilichukua baiskeli ya kaka, Phoenix, bila ruhusa. Nilikuwa mfupi, nikapitisha mguu chini ya bomba la juu na kuendesha nikiwa nimejipinda, kama watoto wote wa kwetu. Mteremko ukanizidi. Breki hazikuwapo, nikakandamiza kandambili kwenye tairi la mbele mpaka raba ikanuka, kisha nikaishia mferejini. Mama alinisafisha goti kwa maji ya chumvi. Hakunichapa. Alisema tu, "Mtoto wa kike hapandi baiskeli," na mimi sikupanda tena.

Kwenye runinga mlima ule unaonekana kama mteremko mkali. Ukiwa chini yake unaona ni ukuta. Nilichokodolea macho zaidi ni udongo. Njia zile huchongwa kwa mikono, kwa sururu na chepe, kwa kuwa mashine haziruhusiwi. Viroba vya mchanga hupangwa kimoja juu ya kingine kuinua mahali pa kurukia, na maji hubebwa hadi juu ili vumbi lishikane. Nilikopa darubini ya jirani nikatazama sehemu moja ya kutua: ilikuwa imepigwapigwa kwa mgongo wa chepe ikawa laini, kama ukuta wa nyumba ya udongo uliokandikwa jana. Kwangu hiyo ndiyo kazi yao hasa. Siku na siku za kuchimba juani, halafu mshuko wenyewe unakwisha kabla hujameza mate.

Casey Brown wa Kanada alikuwepo, aliyeipigania nafasi hii miaka mingi, na binti yangu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Lakini zamu ya Robin Goomes wa New Zealand ilipofika, alinyamaza, akanishika kiganja. Kule juu dada yule alionekana mdogo kama punje ya mtama. Akajiachia. Akaruka ukingo, magurudumu yakaelekea mbinguni, kichwa chini, samasoti ya kinyumenyume ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipiga kwenye mashindano yale. Nilitarajia kishindo. Nikasikia tu shokapu zikihema na mnyororo ukigongagonga chuma, na vumbi jekundu likamfuata mpaka chini.

Ndiye aliyeshinda.

Kabla hatujaingia garini nilimtumia Mama video, kisha nikampigia. Kwetu ulikuwa mchana, kwake Kibosho usiku umeshaingia.

"Huyo ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Ni wa New Zealand, Mama. Ameshinda."

"Ni msichana?"

"Msichana."

Kimya. Nikasikia video inaanza upya, zile kelele za watu zikitoka kwenye simu yake na kunirudia masikioni. Ikaisha. Ikaanza tena.

"Amefika chini mzima?"

"Mzima, Mama. Hata mkwaruzo."

Binti yangu alikuwa ameegemea mlango wa gari, vumbi limemkaa hadi kwenye kope, akinitazama usoni bila kuuliza kitu. Mama akakohoa kidogo. Tangu siku ile ya mferejini, miaka 33, hakuwahi kuligusia jambo lile, wala mimi.

"Na lile goti lako," akasema, "bado linakusumbua wakati wa baridi?"