Dola 45 za kuegesha gari

Dola 45. Si tiketi, si chakula. Kuegesha gari. Saa tatu tu juu ya lami, theluji imerundikwa pembeni, na kijana mwenye koti la kung'aa ananipungia tochi nisogee kushoto, kushoto tena, utadhani naingiza meli bandarini. Nikamkumbuka yule dada wa maegesho Kariakoo na kimashine chake, tuliyekuwa tunamkimbia mtaa hadi mtaa kwa sababu ya jero. Dada, popote ulipo, nisamehe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tiketi zenyewe nilipewa bure.

Naishi Chicago, ghorofa ya pili. Chini yangu anakaa mzee mmoja, Mmarekani mweusi, miaka 80 na kitu, magoti yamegoma. Theluji ikimwagika mimi ndiye nashika koleo, nasafisha ngazi zake, kisha natoa nafasi ya gari langu pale mbele ya nyumba. Na hapa kuna desturi ambayo wale wanaowapostia maghorofa na Ziwa Michigan hawatawaambia: ukishachimba nafasi yako barabarani, ukitoka unaweka kiti kibovu katikati. Ukirudi jioni nafasi iko palepale. Sheria haikupi haki hiyo, ila ukithubutu kuondoa kiti cha mtu, usishangae asubuhi gari lako limemwagiwa maji na yameganda mpaka kwenye vitasa. Kiti ninachotumia ni cha huyo mzee, cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umefungwa kwa gundi ya utepe. Hatujawahi kukaa mezani pamoja. Uhusiano wetu ulikuwa koleo na kiti.

Wiki ya Krismasi akanigongea. Bahasha mkononi. Mjukuu wake kamnunulia tiketi mbili, lakini ngazi za uwanjani haziwezi. "Mpeleke kijana wako." Nikafungua: Harlem Globetrotters, wale wa mpira wa kikapu wenye vichekesho.

Nikaganda mlangoni mpaka akaniuliza kama niko sawa. Ningemweleza nini? Hawa watu mimi nawajua tangu utotoni, Kurasini, Dar.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Wakati huo Bara hatuna runinga, vituo vimekuja kuanza 1994, kwa hiyo nyumba yenye deki ya video ndiyo ilikuwa sinema ya mtaa mzima. Unanawa miguu mlangoni, unakaa kwenye jamvi, ukiongea unatolewa. Mjomba alikuwa na kanda za karate ambazo zilikwaruza mpaka Wachina wakawa wanapigana ndani ya mvua, na alikuwa na hii moja nzima: wanaume warefu weusi, kaptula za mistari myekundu na myeupe, wanacheza mpira wa kikapu huku uwanja mzima unakufa kwa kicheko. Kulikuwa na mmoja kipara, Curly Neal, anadunda mpira akiwa anateleza kwa magoti, anakaa, analala, mpira haumtoki, na wanaomkaba wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Kisha ile ya ndoo. Mchezaji anamkimbiza mwenzake na ndoo ya maji, anazunguka, anawamwagia watazamaji, na sisi wa kwenye jamvi tunaruka nyuma tusilowe. Kumbe ni vipande vya karatasi. Tuliruka kila mara, hata baada ya kujua. Mama alikuja kugundua daftari langu la Sayansi limeishia kwenye ndoo ya chooni.

Sasa, wapinzani wao, Washington Generals, walivaa kijani na njano. Nyumba yetu ni Yanga tangu babu. Ningeshangilia nani? Kulikuwa na kaka mmoja wa jirani, Simba wa damu, akiona kaptula zile zenye wekundu na weupe anapiga meza. Tukawa tunawekeana andazi. Kanda ni ileile, mchezo ni uleule, kijani wanafungwa palepale kwa namna ileile, na mimi Jumamosi ijayo naweka tena andazi. Nilikuwa na miaka minane au tisa, sikuwa mjinga. Nilihisi tu kwamba siku moja watachoka.

Mjomba akanihurumia, akanivuta pembeni. "We Mwinyi, hao wa kijani wanalipwa kufungwa. Ndiyo kazi yao." Nilimwona mwongo. Mtu analipwaje kufungwa?

Nilipomrudishia mzee asante yake kwa sahani ya pilau, ndiyo kwa mara ya kwanza nikaingia ndani kwake. Akacheka sana niliposema hao ni watu wa Harlem. Harlem iko New York, akasema, hawa ni vijana wa hapahapa, upande wa kusini wa Chicago. Aliyewakusanya mwishoni mwa miaka ya 1920, Abe Saperstein, mfupi mmoja wa Kiyahudi mzaliwa wa London, ndiye aliyewabandika jina la Harlem ili mji wowote watakaoingia watu wajue mapema kwamba wanaokuja ni weusi. Harlem kwenyewe wamekuja kucheza 1968. Fikiria, miaka kama 40 unazunguka na jina la mtaa ambao hujautia mguu.

Yeye aliwaona Februari 1948, akiwa na miaka minane, pale Chicago Stadium, na baba yake. Siku hiyo hapakuwa na ndoo. Walicheza na Lakers, enzi hizo ni wa Minneapolis, timu ya weupe watupu yenye George Mikan, jitu la sentimita 208. Kwenye ligi zile kubwa weusi walikuwa karibu hawapo kabisa, na wengi waliamini hawa ni wachekeshaji tu. Ikawa 59 kwa 59, sekunde za mwisho, Ermer Robinson akarusha kutoka mbali. 61 kwa 59. Mzee ananisimulia huku mkono umenyooka hewani kama bado anausindikiza ule mpira. Baba yake, mtu asiyekumbatia watoto, alimnyanyua kwa nguvu mpaka kofia ya baba ikadondoka chini ya viti, na hawakuirudia. Miaka miwili baadaye NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ikafungua mlango, na Nat Clifton akatoka Globetrotters kwenda New York Knicks.

"Lakini usisahau," mzee akasema, akichambua mdalasini kwenye pilau kwa uma, "miji mingine walikuwa wanawacheka usiku kucha, halafu hakuna hoteli ya kuwalaza." Akarudi kwenye nyama.

Haya, uwanjani. Bisi kwenye kindoo cha picha, dola 14. Nisiwachoshe, lakini ninyi mnaonijia inbox na habari ya bahati nasibu ya grinkadi, mkiona mshahara wa saa mnauzidisha mara 8 mara 26 mnakimbilia kuaga kazini, zidisheni na hivi pia. Gari si anasa hapa, kituo cha kazi changu basi halifiki. Gari lina bima kila mwezi, bima ina mwenyewe, na lami ya kusimama juu yake ina mwenyewe. Njooni, sijasema msije. Ila mje na koti, na mje mkijua.

Mwanangu ana miaka tisa, amezaliwa hapa. Ndoo ilipokuja akaruka nyuma, na mimi nikaruka, bisi za dola 14 zikamwagika kwa mama wa mbele yetu. Lakini macho yangu hayakuwa kwa wenye nyota. Kulikuwa na kijana mmoja wa kijani, namba simwoni vizuri, anarusha kutoka mbali, pointi tatu safi kabisa, mara mbili mfululizo, wavu unalia peke yake, na watoto wanamzomea. Anajua mpira yule. Halafu zamu ya kichekesho ikafika, akasimama kwenye alama yake kama aliyeitwa, akavuliwa kaptula mbele ya maelfu, akashika kiuno, akashangaa kwa wakati wake sawasawa. Kesho mji mwingine, kaptula ileile.

Kule ghalani ninakofanya kazi jina langu liliwashinda wiki ya kwanza. Msimamizi akaniita Winnie. Ni jina la kike, na ni la dubu wa katuni. Watu wakacheka, nikacheka. Ni mwaka wa saba sasa, limeandikwa hadi kwenye ratiba ya zamu, na kila akija mfanyakazi mpya msimamizi ananitambulisha kwa sauti, anasubiri kidogo, na mimi natoa kicheko changu palepale panapotakiwa. Ijumaa mshahara unaingia. Ada ya mdogo wangu inatoka humo, dawa za mama zinatoka humo, na Kurasini kwenye picha nilizotuma mimi ndiye niliyevaa kaptula za mistari. Mjomba alishafariki. Ningependa kumpigia simu nimwambie nimeelewa.

Njiani nikamsimulia mwanangu habari ya Januari 1971, mji wa Martin, Tennessee. Generals, siku hiyo wakicheza kwa jina la New Jersey Reds, wako nyuma kwa pointi moja. Mwenye timu yao, Red Klotz, mfupi, miaka 50, na bado anavaa jezi, akarusha, ukaingia. Globetrotters wakakosa la mwisho. 100 kwa 99. Inasimuliwa kwamba watoto walilia.

"Walifukuzwa kazi?"

"Hapana. Kesho yake waliendelea."

Akanyamaza mpaka tunafika. Theluji ilikuwa imeanguka tena, barabara imejaa magari pande zote, na mimi tayari naanza kulaani, maana nilivyotoka kwa haraka sikuweka kiti. Kiti kilikuwepo. Katikati kabisa ya nafasi yangu, kimevaa kofia ya theluji, na nyayo za mtu anayeburuta miguu zimetoka kwenye ngazi hadi pale na kurudi. Ngazi saba zile. Kwa magoti yale.

Asubuhi nikakirudisha kiti, mwanangu yuko nyuma yangu. Mzee akafungua mlango, uso mkavu kama wa hakimu.

"Nani kashinda?"

Kabla sijajibu, mwanangu akanitangulia, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akimtazama mzee usoni:

"Yanga wamefungwa."