Datsun imesimama upya

Jioni ya leo, hapa gereji Nairobi, mimi na fundi tumemaliza kufunga springi na shokamzoba za zamani za mashindano kwenye Datsun 240Z yangu, gari la aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973.

Kikalio kimoja cha springi kina alama ya jiwe, kibonde kinachotosha ncha ya kidole. Nimekataa kisipakwe rangi.

Bolti za bushi, yaani vipande vya mpira kwenye maungio ya chini ya gari, tulizikaza magurudumu yalipokwisha kugusa chini, kwa sababu mpira ukikazwa gari likiwa juu ya jeki hujisokota na kupasuka mapema.

Nililiegemea kwa uzito wangu wote. Likashuka kidogo, likarudi, likatulia. Koo lilinikaba kwa furaha.

Wenzangu wenye 240Z, ninyi mmeacha kimo gani kutoka ardhini?