Kuchora hadharani: mgongo wa mchoraji na rangi inayokauka

Kinachoharibu maonyesho ya kuchora papo hapo kuliko kingine chochote ni mgongo wa mchoraji. Watu wamekuja kuona picha ikizaliwa, wanaishia kutazama shati. Anayetumia mkono wa kulia asimame kushoto kwa turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, na kunyoosha mkono, na stendi iinuliwe mpaka katikati ya picha ilingane na macho yake. Turubai la sentimita 100 kwa 120 linasomeka vizuri kutoka mita 5. Sehemu ya juu iinamishwe mbele kidogo, la sivyo taa za darini zitang'aa juu ya rangi mbichi na picha haitaonekana. Mwaka 1956 jijini Paris, mchoraji Mfaransa Georges Mathieu alichora jukwaani turubai la mita 4 kwa 12, na kwa ukubwa huo hata wa viti vya nyuma hakosi kitu.

Wengi huchagua akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji, nayo haina subira. Chini ya taa kali au kwenye upepo, tabaka jembamba hukauka kwa dakika chache. Rangi iliyoanza kushika ikiguswa tena na brashi hubanduka kama utando wa maziwa ya moto, na chini unaona kitambaa kitupu. Hapo usisugue. Acha ikauke kabisa, kisha paka upya. Paleti, ubao wa kuchanganyia rangi, inyunyiziwe maji kila baada ya dakika 10 hivi. Dawa ya kuchelewesha ukaukaji itiwe kidogo tu, maana ikizidi picha hubaki inanata.

Akriliki pia hukoza inapokauka, kwa kuwa gundi yake ni nyeupe ikiwa mbichi na huwa angavu ikikauka. Ndiyo maana kuchanganya tena rangi ya uso wa mtu iliyokwisha, umati ukitazama, ni mtego mbaya. Changanya ya kutosha mapema, ifunikwe kwenye vikopo, na doa lililokauka liwe kwenye kadi ya kulinganishia.

Turubai lipakwe rangi ya udongo, nyepesi, siku moja kabla. Dakika 20 za kwanza ni za maumbo makubwa pekee. Anayejaza kona baada ya kona huwapoteza watazamaji, kwani hawaoni picha inaelekea wapi.

Rangi za mafuta na tapentaini zisitumike ukumbi uliofungwa. Matambara yenye mafuta ya kitani yasikunjwe yakarundikwa, kwani huweza kuwaka yenyewe. Yatiwe kwenye kopo la chuma lenye maji na kufunikwa.