Boya

Wifi kajifungua salama, ofisini tumehamishiwa jengo jipya, na mimi bado nimeganda kwenye maneno ya Jumanne usiku.

Kitinda mimba wetu ameanza kusoma Kaiji, ile manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Nobuyuki Fukumoto niliyomsumbua nayo mwaka mzima. Tuko mezani, akanigeuzia simu.

“Dada, huyu Kaiji si boya tu? Nani anamdhamini mtu mkopo?”

“Walikuwa wakifanya kazi pamoja.”

“Basi boya mara mbili.”

Akacheka, akaendelea na ugali wake.

Yeye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni Baba alipomdhamini mwalimu mwenzake. Nyinyi mnaijua habari hiyo: yule bwana alivyohama bila kuaga, Baba akawa anakatwa mshahara, Mama akaanza kukaanga maandazi alfajiri. Mdogo wangu haijui. Boya mara mbili. Nafua, nalisikia. Napanda daladala, nalisikia.

Nimeshamjibu kichwani kwa kila namna. Tazama hesabu, mdogo wangu. Furuhata, yule mwenzake wa kazini aliyedhaminiwa na Kaiji, alikopa yeni 300,000. Riba asilimia 20 kila mwezi, riba inazaa riba, na baada ya miezi 14 Kaiji anagongewa mlango anadaiwa 3,850,000. Deni hilo halikukuzwa na sahihi yake. Limekuzwa na watu walionyamaza makusudi mpaka linone, ndipo wakaja kumpakia kwenye meli ya kamari. Baba naye alisaini kwa sababu mwenzake alikuwa na mgonjwa. Ningesaini pia.

Jana usiku wa manane akaja chumbani kwangu, macho mekundu. Amefika pale wadaiwa wanapovuka kamari juu ya vyuma vilivyotandazwa angani, jengo hadi jengo.

“Dada, yule mzee Ishida alipoanguka hakupiga hata kelele?”

“Hakupiga.”

“Ili Kaiji asishtuke?”

“Ndiyo.”

“Na tiketi yake ya pesa za ushindi ameshampa Kaiji, ampelekee mkewe.” Akanyamaza kidogo. “Alimwamini tu hivyohivyo.”

Akakaa kitandani kwangu, tukaisoma upya sehemu ile, ukurasa kwa ukurasa, hadi chaji ikaisha. Moyo ulinijaa furaha, sikuligusa kabisa lile neno lake. Habari ya Baba nitamsimulia akimaliza sura hizo, na nitaisimulia kwa fahari.

Sasa Mama kapiga simu asubuhi hii: jicho la kushoto linaona ukungu tangu Ijumaa, na daktari wa macho kule haji mpaka mwisho wa mwezi. Natafuta nauli ya kumleta mjini kabla ya hapo.